Anthony Eden na mifereji miwili

Jina la Sir Anthony Eden, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Aprili 1955 hadi Januari 1957, halitenganishwi na Mfereji wa Suez. Wapo wengi waliosoma katika shule za Afrika Mashariki ambao hawajui jambo jingine lolote kumhusu. Lakini ulikuwapo mfereji wa pili katika maisha yake, wenye urefu wa sentimita saba au nane na upana usiozidi unene wa penseli, nao ulimtesa kwa karibu miaka 24. Huo ni mfereji wa nyongo, unaotoka kwenye ini na kumimina nyongo katika utumbo.

Madaktari waliomtibu walikuwa miongoni mwa mabingwa wa zama zao. Walichokosa ni macho. Hawakuwa na njia ya kutegemewa ya kuutazama mfereji huo pasipo kulifungua tumbo la mgonjwa, na kila walipolifungua walilazimika kupita katika makovu ya upasuaji uliotangulia. Leo mgonjwa wa aina yake ana njia kadhaa za kupigwa picha, na daktari huchagua ipi itangulie na ipi ifuate. Ndiyo maana kisa cha Eden kinasomwa na watu wa aina mbili wasiokutana mara nyingi: wanahistoria wa kuanguka kwa dola ya Kiingereza, na madaktari wa upasuaji wa ini.

Mwana wa Durham

Robert Anthony Eden alizaliwa tarehe 12 Juni 1897 huko Windlestone, katika jimbo la Durham, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Sir William Eden, alikuwa mwenye ardhi, mchoraji na mtu wa hasira kali. Kijana alisoma Eton, kisha Vita Kuu ya Kwanza vikamchukua kama vilivyowachukua vijana wengi wa rika lake. Kaka yake mkubwa, John, aliuawa mwaka 1914. Mdogo wake, Nicholas, alizama na manowari yake katika vita vya Jutland mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 16 tu. Anthony mwenyewe alipigana Ufaransa na Ubelgiji, akatunukiwa nishani ya Military Cross, na akawa meja wa brigedi angali na miaka 20.

Baada ya vita alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, na hapo alifanya jambo linalosahaulika kila anapotajwa. Hakusoma sheria wala uchumi. Alisoma Kiajemi na Kiarabu, akafaulu mwaka 1922 kwa daraja la kwanza. Kwa hiyo mtu aliyekuja kupeleka majeshi Misri hakuwa mgeni wa lugha ya Wamisri. Alipokula chakula cha jioni na Gamal Abdel Nasser mjini Cairo, Februari 1955, alizungumza naye Kiarabu, jambo lililomshangaza Nasser. Hiyo ndiyo mara pekee watu hao wawili walipoonana.

Aliingia Bungeni mwaka 1923 kwa tiketi ya chama cha Conservative, akapanda ngazi haraka. Desemba 1935 aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje akiwa na miaka 38. Ulikuwa wakati wa uvamizi wa Mussolini katika Uhabeshi, na Eden, aliyekuwa ameshughulikia mambo ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule mjini Geneva, alikuwa miongoni mwa waliotaka Italia iwekewe vikwazo. Februari 1938 alijiuzulu, kwa kuwa Waziri Mkuu Neville Chamberlain alikuwa na haraka ya kuelewana na Mussolini. Kitendo hicho kilimpa heshima kubwa. Pia kilimwachia fikra moja ambayo baadaye ilimgharimu: kwamba kila mtawala wa kijeshi anayetwaa kitu kwa nguvu ni Mussolini mwingine, na asipozuiwa mapema hatazuilika tena.

Winston Churchill alimrudisha wizarani mwaka 1940. Vita Kuu ya Pili vilimchukua mwanawe mkubwa, Simon, aliyekufa Burma mwaka 1945 akiwa katika jeshi la anga. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1950, na Agosti 1952 alimwoa Clarissa Churchill, mpwa wa Winston. Kufikia wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kwa mara ya tatu, na kila mtu alijua kuwa ndiye mrithi. Kilichobaki ni mzee kung'atuka, na mzee hakung'atuka.

Upasuaji wa Aprili 1953

Eden alikuwa na maumivu ya tumbo ya mara kwa mara. Picha za eksirei zilionyesha vijiwe katika kibofu cha nyongo, akashauriwa kiondolewe. Inafaa kueleza kidogo jinsi viungo hivi vinavyofanya kazi. Ini hutengeneza nyongo, nusu lita au zaidi kwa siku. Sehemu yake huhifadhiwa katika kibofu kidogo kilicho chini ya ini, kisha humiminwa katika utumbo mtu anapokula, ili kusaidia kuyeyusha mafuta. Mtu anaweza kuishi vyema kabisa bila kibofu hicho. Bila mfereji hawezi. Mfereji ukiziba, nyongo hurudi nyuma hadi kwenye damu. Macho na ngozi huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka, na mwili mzima huwasha. Vijidudu vikiingia katika nyongo iliyotuama, huja homa kali yenye kutetemesha, na homa hiyo huweza kuua.

Upasuaji ulifanyika London tarehe 12 Aprili 1953. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kuwa Churchill aliwasisitizia madaktari mara kwa mara jinsi mgonjwa wao alivyokuwa mtu mkubwa, jambo ambalo halijapata kumtuliza daktari yeyote mwenye kisu mkononi. Katika kuondoa kibofu, mfereji mkuu wa nyongo ulijeruhiwa. Nyongo ilianza kuvuja, homa ikapanda, macho yakawa manjano. Tarehe 29 mwezi huohuo tumbo lilifunguliwa tena, na mgonjwa alinusurika kufa.

Kwa bahati yake, alikuwapo London daktari Mmarekani, Richard Cattell wa kliniki ya Lahey mjini Boston, aliyekuwa amekarabati mifereji ya nyongo kuliko karibu daktari mwingine yeyote duniani. Churchill alitaka kazi ifanyike Uingereza. Waziri wa Malkia kupelekwa ng'ambo kutibiwa lilikuwa jambo la aibu. Cattell alishikilia kuwa atafanya kwake, na wasaidizi wake na vyombo vyake. Akashinda. Tarehe 10 Juni 1953, huko Boston, aliunganisha sehemu ya mfereji iliyobaki karibu na ini na kipande cha utumbo mwembamba, akaweka mpira mwembamba ndani yake ili kovu lisizibe njia.

Upasuaji huo uliokoa maisha yake, ila uliacha hatari mbili. Kovu hujikunja kadiri linavyozeeka, na tundu lililoshonwa huweza kufinyika polepole. Halafu mlango wa chini wa mfereji, ambao kwa kawaida huzuia vijidudu vya utumbo visipande kwenye ini, haukuwapo tena.

Siku 13 baada ya upasuaji wa Boston, usiku wa tarehe 23 Juni, Churchill alipatwa na kiharusi mjini London. Habari zilifichwa. Wananchi walielezwa tu kuwa Waziri Mkuu anahitaji mapumziko. Lau Eden angekuwa mzima na karibu, inaelekea angeshika serikali kiangazi kile. Alikuwa kitandani upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, na Churchill akapata nafuu, akakaa madarakani karibu miaka miwili zaidi.

Madaktari waliopapasa gizani

Ni rahisi leo kumlaumu daktari wa mwaka 1953, lakini yafaa kukumbuka alichoweza kukiona. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa vizuri kwa sababu ni migumu. Ini, nyongo na mifereji yake ni vitu laini vyenye uzito unaokaribiana, na katika picha ya kawaida huonekana kama ukungu mmoja. Vijiwe vingi vya nyongo navyo havionekani.

Mwaka 1924, huko St. Louis nchini Marekani, madaktari Evarts Graham na Warren Cole walitangaza njia ya kulizunguka tatizo hilo. Walimpa mgonjwa kemikali ambayo ini huichuja na kuitoa pamoja na nyongo, nayo huzuia miale ya eksirei. Kibofu kikajitokeza katika picha, na vijiwe vikaonekana kama matundu meusi ndani yake. Ilikuwa hatua kubwa, na kwa nusu karne ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida. Dosari yake ni kwamba inategemea ini linalofanya kazi na mfereji ulio wazi. Dawa ya kuchomwa katika mshipa, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilionyesha mfereji wenyewe, lakini nayo ilishindwa mgonjwa alipokuwa na manjano. Yaani picha ilipatikana kwa asiyeihitaji sana, ikakosekana kwa aliyeihitaji mno.

Njia mbili nyingine zilijulikana. Mwaka 1931 daktari Pablo Mirizzi wa Córdoba, Argentina, alianza kupiga dawa ya rangi moja kwa moja ndani ya mfereji wakati tumbo liko wazi, na kuchukua picha ya eksirei palepale juu ya meza ya upasuaji. Njia hiyo humwonyesha daktari ramani kabla hajakata, na ramani ni muhimu kwa sababu mifereji ya nyongo haifanani kwa watu wote. Mabishano ya kama ifanywe kwa kila mgonjwa, au kwa wenye mashaka tu, hayajaisha mpaka sasa. Ya pili ilikuwa kuchoma sindano kupitia ngozi na mbavu hadi ndani ya ini, kutafuta mfereji uliovimba na kuujaza dawa. Sindano za wakati ule zilikuwa nene. Nyongo na damu vilivuja tumboni, hivyo aliyechomwa alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Suez

Eden alishika uwaziri mkuu tarehe 6 Aprili 1955, akaitisha uchaguzi, akashinda vizuri. Kwa watu wa Afrika Mashariki na Ghuba, miezi ile 21 ya utawala wake ilikuwa na mengi. Oktoba 1955 Kabaka Mutesa wa Pili alirejea Buganda kutoka uhamishoni Uingereza. Mwezi huohuo majeshi yaliyoongozwa na maofisa wa Kiingereza yaliwatoa Wasaudi katika chemchemi za Buraimi, kwa niaba ya Sultani wa Muscat na mtawala wa Abu Dhabi. Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari. Dedan Kimathi alijeruhiwa kwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, siku moja kabla ya wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli kuanza kukutana kwa siri katika nyumba moja ya Sèvres, nje kidogo ya Paris.

Tarehe 26 Julai 1956 Nasser alitangaza mjini Alexandria kwamba kampuni ya Mfereji wa Suez imetaifishwa. Eden alipata habari akiwa mezani, Downing Street, na wageni wake Mfalme Faisal wa Pili wa Iraq na Nuri al-Said. Tangu usiku huo hakupata utulivu. Sehemu kubwa ya mafuta ya Ulaya Magharibi ilipita mferejini, lakini hasira yake ilizidi hesabu za mafuta. Katika macho yake Nasser alikuwa Mussolini wa mto Nile.

Tarehe 5 Oktoba alikwenda kumjulia hali mkewe, aliyekuwa amelazwa katika hospitali ya University College, London. Akiwa humo alianza kutetemeka, na joto la mwili likapanda hadi nyuzi 41. Ilikuwa ileile homa ya mfereji wa nyongo. Alilazwa, akatoka tarehe 8. Siku sita baadaye, tarehe 14 Oktoba, akiwa katika nyumba ya mapumziko ya Chequers, aliwapokea wajumbe wawili wa Ufaransa, Albert Gazier na Jenerali Maurice Challe. Ndio waliomletea mpango kwamba Israeli ishambulie Misri, kisha Uingereza na Ufaransa ziingie kati kana kwamba zinakuja kuwaamua wanaopigana. Eden aliupenda.

Hapa ndipo wanahistoria na madaktari wanapokutana. Dokta David Owen, tabibu aliyekuwa baadaye Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, ameandika kwa kirefu juu ya afya ya Eden katika wiki zile. Pamoja na homa, Eden alikuwa akitumia dawa za kutuliza maumivu, za kumletea usingizi na za kumchangamsha. Mojawapo, Drinamyl, ilichanganya kichangamshi cha jamii ya amfetamini na dawa ya kutuliza. Dawa za namna hiyo hutolewa leo kwa uangalifu mkubwa kwa sababu huondoa usingizi, huleta wasiwasi na humfanya mtu ajiamini kupita kiasi.

Hata hivyo si haki kuusukumia mfereji wa nyongo lawama zote. Fikra za Eden kuhusu madikteta zilikuwa na umri wa miaka 20. Wafaransa, waliokuwa wakipigana Algeria, waliutaka mpango uleule bila ya homa yoyote. Mawaziri wenzake walikuwa wazima wa afya, na walio wengi walikubali. Ugonjwa unaweza kueleza pupa, usiri na kushindwa kuisoma Marekani vizuri. Kuchagua vita lilikuwa jambo la siasa.

Isitoshe, Eden hakuwa mgonjwa peke yake. Rais Eisenhower alikuwa amepata mshtuko wa moyo mwaka 1955 na kupasuliwa utumbo Juni 1956, na waziri wake, John Foster Dulles, alipasuliwa saratani ya utumbo tarehe 3 Novemba, vita vikiendelea. Tofauti ni kwamba Wamarekani walijulishwa habari za rais wao, wakapiga kura wakijua. Waingereza hawakuambiwa kuwa Waziri Mkuu wao ana mfereji wa nyongo ulioungwa kwa mshono, unaoweza kumwangusha siku yoyote.

Israeli ilishambulia tarehe 29 Oktoba. Ndege za Uingereza na Ufaransa zilianza kupiga mabomu tarehe 31, askari wa miavuli wakashuka Port Said tarehe 5 Novemba, na siku iliyofuata vita vikasimamishwa kwa shinikizo la Marekani juu ya sarafu ya Uingereza. Misri ilizamisha meli mferejini, na njia ikafungwa hadi Aprili 1957. Meli za kutoka Ulaya kwenda Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Idhaa ya Kiswahili ya Cairo, iliyoanza mwaka 1954, ilikuwa na mengi ya kuwasimulia wasikilizaji wake majira yale. Ile ya BBC ilianza Juni 1957.

Tarehe 23 Novemba Eden, akiwa amechoka kabisa, alikwenda kupumzika Jamaica katika nyumba ya Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya James Bond. Waziri Mkuu kuota jua huku Waingereza wakijiandaa kugawiwa petroli kwa vipimo hakukumsaidia. Tarehe 20 Desemba alilieleza Bunge kuwa serikali haikujua mapema kwamba Israeli ingeshambulia. Maneno hayo hayakuwa kweli. Daktari wake, Sir Horace Evans, alimshauri kuwa hawezi kuendelea, na tarehe 9 Januari 1957 akajiuzulu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wengi waliidhani kisingizio, kwa kuwa walikuwa wamefichwa ugonjwa wenyewe.

Angekuwa mgonjwa wa leo

Mgonjwa mwenye manjano na homa akifika leo katika hospitali yenye vifaa, iwe Nairobi, Muscat au London, kipimo cha kwanza ni ultrasaundi. Ni rahisi, haitumii miale, na katika dakika chache inamwambia daktari jambo moja kubwa: mifereji ndani ya ini imevimba au haikuvimba. Ikiwa imevimba, kuna kizuizi mbele. Vijiwe ndani ya kibofu nacho hukiona vizuri sana. Udhaifu wake ni sehemu ya chini ya mfereji, nyuma ya utumbo, ambako gesi hukinga mawimbi ya sauti, na ubora wa picha hutegemea sana mkono na jicho la anayepima. Kwa nchi zetu, ambako mashine kubwa ziko katika hospitali chache za miji mikuu, hicho ndicho kipimo kinachowafikia watu wengi, na daktari mzuri hufika nacho mbali.

Mashine ya CT huona zaidi ya mfereji. Huonyesha kongosho, ini, mishipa ya damu na uvimbe wa saratani ulipofikia, kwa hiyo hupendelewa mgonjwa anapokuwa mtu mzima aliyepata manjano pasipo maumivu na kukonda. Lakini vijiwe vingi vya nyongo huipita bila kuonekana, na miale yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida.

Kwa mtu kama Eden, aliyejeruhiwa mfereji na kuungwa, picha inayotafutwa zaidi ni ya MRI iliyopangwa maalumu kwa ajili ya nyongo, iliyoanza kutumika mwaka 1991. Mashine hiyo hukifanya kimiminika kilichotulia king'ae, na vilivyokizunguka vififie. Matokeo yake ni mti mweupe wa mifereji, kutoka matawi ya ndani ya ini hadi shina lake, bila sindano, bila dawa ya rangi, bila miale. Daktari huona kovu liko wapi, limebana kiasi gani, na matawi mangapi yameathirika. Kwa vijiwe vidogo vya chini ya mfereji, ultrasaundi inayopitishwa ndani ya tumbo kwa mpira huweza kuishinda. Ubaya wa MRI ni gharama, uchache wake, na kwamba huonyesha tu, haizibui.

Kuzibua hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyoelezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1968 na kuendelezwa sana Japani, ni kupitisha mpira wenye taa na kamera kinywani hadi kwenye mlango wa mfereji, kupiga dawa ya rangi, kisha kutoa jiwe au kuacha mrija wa kupitisha nyongo. Madaktari huiita kwa kifupi ERCP. Kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa mizani ya kupimia njia nyingine zote. Lakini huweza kuwasha uvimbe mkali wa kongosho kwa wagonjwa kadhaa katika kila 100, na kwa hiyo siku hizi haitumiwi kutazama tu. Hutumiwa pale picha za MRI au ultrasaundi zimekwisha kuonyesha kuna kazi ya kufanya. Kwa Eden baada ya Boston ingekuwa ngumu, kwa sababu mfereji wake haukufunguka tena mahali pa kawaida. Angehitaji ile ya pili, sindano ya kupitia ini, ambayo Kunio Okuda na wenzake wa Chiba, Japani, waliifanya salama zaidi mwaka 1974 kwa sindano nyembamba inayopindika. Kupitia njia hiyo kovu lake lingeweza kupanuliwa kwa puto na nyongo ikatolewa nje, huku dawa za kuua bakteria zikifanya kazi yake, bila kulifungua tumbo.

Yote hayo hayajaondoa ajali yenyewe. Katika upasuaji wa siku hizi wa kutumia matundu madogo na kamera, mfereji bado hujeruhiwa kwa wagonjwa takriban watatu hadi watano katika kila 1,000. Tofauti ni kwamba jeraha hujulikana mapema, na hupelekwa kwa mtu anayejua kulitengeneza.

Miaka 20 ya mwisho

Baada ya kujiuzulu Eden alisafiri kwa meli ya Rangitata kwenda New Zealand. Miongoni mwa wahudumu wa meli hiyo alikuwamo kijana aitwaye John Prescott, aliyekuja kuwa Naibu Waziri Mkuu wa serikali ya chama cha Labour miaka 40 baadaye. Homa ikarudi huko New Zealand. Aprili 1957 alikuwa tena Boston, mezani kwa Cattell, kovu likifunguliwa upya. Mwaka 1970 alipasuliwa kwa mara nyingine na daktari mwingine wa kliniki ileile, John Braasch, ambaye mwaka 2003 alichapisha maelezo ya kitabibu ya safari yote hiyo.

Kati ya homa moja na nyingine aliandika. Vitabu vitatu vya kumbukumbu zake vilitoka kati ya 1960 na 1965, na cha kwanza kabisa kilihusu miaka iliyoishia Suez, kana kwamba alikuwa na haraka ya kujitetea. Siri ya Sèvres hakuitoa. Mwaka 1961 alipewa cheo cha Earl of Avon na kuingia Baraza la Malodi. Kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1976, kilirudi kwenye utoto wake na vita vya 1914, na wengi wanakiona kuwa bora kuliko vyote.

Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa Florida, nyumbani kwa rafiki yake Averell Harriman, alipozidiwa. Safari hii haikuwa nyongo. Ilikuwa saratani ya tezi dume iliyokuwa imesambaa. Alitaka kufia kwao. Waziri Mkuu James Callaghan, wa chama pinzani, aliagiza ndege ya jeshi la anga imchukue. Alifariki nyumbani kwake Alvediston, katika jimbo la Wiltshire, tarehe 14 Januari 1977, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa katika makaburi ya kanisa la kijiji hicho.